Kula Matunda Huku Ukipunguza Uzito: Mwongozo Kamili kwa Wanaohesabu Sukari

Watu wanaoniuliza kuhusu matunda na uzito wako makundi mawili. Kundi la kwanza wameyasusa matunda kwa kuogopa sukari. Wiki mbili zinapita, usiku mmoja uzalendo unawashinda, na pakiti ya biskuti inaisha wakiwa bado wamesimama jikoni. Kundi la pili wameambiwa matunda hayanenepeshi, basi kila jioni baada ya mlo wanamenya embe kubwa, wanateremshia na juisi, kisha wanashangaa mizani imegoma.

Wote wanajitahidi, na wote wanakosea jambo lilelile: wanalitazama tunda peke yake. Swali la kujiuliza ni tunda hili limekaa mahali pa nini. Likichukua nafasi ya kitu kilichokuwa kinakuzidishia kalori, linakusaidia. Likipandishwa juu ya kila kitu ulichokwisha kula, ni chakula cha nyongeza, hata liwe la asili kiasi gani.

Hatua zilizo hapa chini zinahitaji wiki nne. Zifuate kwa mpangilio. Wanaoruka ya kwanza ndio wanaorudi kuniuliza.

## Nani azungumze na daktari kwanza

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoweza kuishusha sukari mno, kama glibenclamide. Ukipunguza vyakula vya sukari na wanga huku dozi ikibaki ileile, sukari ya damu inaweza kuporomoka. Na ukianza kutetemeka, kutoka jasho jembamba au kuchanganyikiwa, nusu glasi ya juisi yenye sukari ni msaada sahihi wa haraka. Makatazo ya juisi utakayoyasoma mbele hayahusiki na dakika hiyo.

Mwenye ugonjwa wa figo. Ndizi, machungwa na parachichi yana potasiamu nyingi, na figo dhaifu hushindwa kuitoa.

Anayetumia dawa za kolesteroli au za shinikizo la damu. Balungi huzuia mwili kuzivunja baadhi ya dawa hizo, zikajaa kwenye damu kupita kiasi. Muulize mfamasia dawa yako imo au haimo.

Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto, mwongozo huu si wenu. Mpango wenu wa uzito upangwe na anayewahudumia.

## Vitu vya kuandaa

- Mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu. Hii ndiyo muhimu kuliko zote.
- Mizani ya kupimia mwili, ileile siku zote.
- Utepe wa fundi cherehani, kwa ajili ya kiuno.
- Bakuli moja dogo, la ujazo wa mililita 250 hivi. Litakuwa bakuli lako la matunda, hakuna jingine.
- Daftari na kalamu, au sehemu ya kuandikia kwenye simu.
- Vyombo viwili au vitatu vyenye mifuniko, vya kuhifadhia matunda yaliyokatwa.

Kama una blenda na kichujio, vipeleke kabati la juu kwa sasa.

## Hatua ya 1: Andika siku tatu bila kubadilisha chochote

Kwa siku tatu, mojawapo ikiwa ya mapumziko, kula kama kawaida yako na uandike kila kinachoingia mdomoni: chai na vijiko vyake vya sukari, soda, kipande cha keki cha kazini, zabibu ulizodokoa ukipita. Andika saa na andika kiasi.

Sababu ni kwamba kumbukumbu hutuficha madogo. Mtu atakumbuka sahani ya mchana, ila tende nne alizokula akipika hazimo kabisa kichwani. Na bila daftari hili hutakuwa na cha kubadilisha ukifika hatua ya 5.

Jihadhari na kitu kimoja: usianze kujirekebisha ndani ya siku hizi tatu. Ukijikuta umekula vizuri isivyo kawaida kwa sababu unaandika, ongeza siku ya nne.

Ukimaliza, uwe na orodha inayokutia aibu kidogo. Orodha safi mno haijaandikwa kwa ukweli.

## Hatua ya 2: Tenganisha sukari za aina mbili

Chukua kalamu ya rangi nyingine uzungushie duara sukari zote huru. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaita hivyo sukari iliyoongezwa kwenye chakula au kinywaji, pamoja na ile iliyomo kwenye asali, sharubati na juisi ya matunda. Sukari iliyo ndani ya tunda zima haimo kwenye hesabu hiyo.

Mwongozo wao wa mwaka 2015 unataka sukari huru isifike asilimia 10 ya kalori za siku, na ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5. Kwa mtu anayekula kalori 2,000, asilimia 10 ni gramu 50, yaani vijiko vya chai 12 hivi. Asilimia 5 ni gramu 25, vijiko 6.

Sasa angalia mfano huu: glasi ya juisi ya machungwa ya mililita 300, uliyoikamua mwenyewe bila kutia hata chembe ya sukari, ina sukari ya gramu 25 hivi. Vijiko 6 vyote vimekwisha, na bado hujanywa chai.

Hapo ndipo maandishi ya "bila sukari iliyoongezwa" kwenye boksi la juisi yanapowapiga wengi chenga. Ni kweli hawakuongeza. Lakini tunda likishakamuliwa, sukari yake imetoka kwenye nyama ya tunda na kuwa huru, na mwili hauulizi ilitoka kiwandani au mtini.

Mzungushie duara pia mtindi wenye ladha ya matunda, matunda ya kopo yaliyolowekwa kwenye maji ya sukari, na asali. Kijiko kimoja cha chakula cha asali kina sukari ya gramu 17 na kalori zinazozidi 60.

Kwanza punguza vilivyo ndani ya maduara. Tunda zima liache kwanza. Tunaliendea sasa hivi.

## Hatua ya 3: Jua kipimo chako kwa mizani

Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu neno "tunda moja" halina maana yoyote. Siku niliyopima ndizi niliyokuwa naiita "ndizi moja" ilikuwa na gramu 165 baada ya kumenywa, wakati nilikuwa naihesabu kama nusu ya hapo.

Tutumie kipimo kimoja rahisi: kiasi cha tunda chenye kalori 70 hivi. Pima sehemu inayoliwa tu, bila ganda wala mbegu zinazotupwa. Kipimo kimoja ni takribani:

- Tikitimaji: gramu 230
- Stroberi: gramu 220
- Papai: gramu 160
- Chungwa: gramu 150
- Nanasi: gramu 140
- Tufaha: gramu 135
- Chenza: gramu 130
- Embe: gramu 115
- Pera: gramu 100
- Zabibu: gramu 100
- Ndizi mbivu: gramu 80
- Fenesi: gramu 75
- Parachichi: gramu 45
- Tende: gramu 25
- Zabibu kavu: gramu 23

Isome tena orodha hiyo kutoka juu kwenda chini. Kinachopungua ni maji. Tikitimaji karibu lote ni maji, ndiyo maana bakuli lako linajaa na kalori ni zilezile zilizomo kwenye tende moja kubwa. Zabibu kavu zilikuwa zabibu. Zimenyang'anywa maji tu, nawe unaweza kula hamsini bila tumbo kushtuka.

Tikitimaji limechafuliwa jina kwa sababu sukari yake huingia kwenye damu upesi. Lakini katika gramu 100 zake kuna sukari gramu 6 tu, kwa hiyo kinachoingia ni kidogo. Ukila robo ya tikiti zima peke yako ni habari nyingine.

Parachichi nalo huwapotosha watu kwa upande wa pili. Sukari yake haifiki gramu moja katika gramu 100, basi mtu anayehesabu sukari tu anajipakulia zima. Lina mafuta, mafuta mazuri, lakini gramu moja ya mafuta ni kalori 9 dhidi ya 4 za sukari. Parachichi moja kubwa linaweza kukufikisha kalori 300. Lile kwa kiasi, na uondoe mafuta mengine kwenye mlo huo.

Na ndizi iliyoiva hadi madoa meusi? Inakuwa tamu zaidi kwa sababu wanga wake umegeuka sukari, na itapandisha sukari ya damu haraka kuliko iliyo ngumu. Kalori zake hazibadiliki sana. Kwa mwenye kisukari tofauti hiyo ina maana. Kwa anayetafuta kupungua tu, ukubwa wa ndizi ni muhimu kuliko rangi yake.

La kufanya: chagua matunda manne au matano unayokula kweli. Kwa siku tano, pima kipimo kimoja cha kila moja, kiweke kwenye bakuli lako dogo, na ukitazame. Baada ya hapo jicho litakuwa limezoea, na mizani unaweza kuirudisha rafuni. Sikushauri upime chakula maisha yako yote. Hilo huchosha na wengine huwatia wazimu.

Anza na vipimo viwili kwa siku, vitatu kama una njaa au unafanya kazi za nguvu. Jaribio rahisi la kujua kama umeiva: kata embe kwa kukisia, kisha lipime. Ukikosea kwa chini ya gramu 20, endelea mbele.

## Hatua ya 4: Litafune, usilinywe

Mwaka 1977 jarida la tiba The Lancet lilichapisha jaribio la watafiti wa Uingereza waliowapa watu matufaha kwa sura tatu: mazima, yaliyopondwa, na juisi yake, wanga ukiwa sawa. Matufaha mazima yalichukua dakika 17 kuliwa. Yaliyopondwa, kama dakika 6. Juisi iliisha kwa dakika moja na nusu. Waliokula mazima ndio walioshiba zaidi, na kwa wanywaji wa juisi insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, ilipanda zaidi, kisha sukari ya damu ikashuka chini ya pale ilipoanzia.

Ile njaa inayokurudia saa moja baada ya kunywa juisi ina mizizi yake humo.

Juisi nzito ya blenda isiyochujwa ni afadhali kuliko ya kuchuja, kwa kuwa nyuzinyuzi zake zimebaki. Shida yake ni wingi: ndizi mbili, embe, kijiko cha asali na maziwa huingia kwenye glasi moja kubwa na kushuka kabla hujakaa kitako. Matunda hayohayo kwenye sahani usingeyamaliza. Ukiitaka sana, tia kipimo kimoja cha tunda, mtindi usio na sukari na barafu, basi, na uihesabu kama kitafunwa kizima, si kinywaji cha kuteremshia chakula.

Kwa matunda yaliyokaushwa, pima kipimo, funga pakiti, irudishe mahali pake *kabla* hujaanza kula. Usile ukiwa umeishika pakiti.

Matunda ya kopo yanafaa kama yamewekwa kwenye maji au juisi yake. Mwaga hayo maji. Yaliyogandishwa bila sukari ni sawa na mabichi.

Ganda linaloliwa usilimenye. Tufaha, pera na peasi vioshwe vizuri tu. Nyuzinyuzi nyingi zimo humo.

## Hatua ya 5: Lipe tunda kiti cha mtu mwingine

Rudi kwenye daftari la hatua ya 1. Tafuta nyakati mbili au tatu za siku ambapo unakula kitu kitamu au kinywaji chenye sukari karibu kila siku. Hapo ndipo tunda litakaa, na kilichokuwa hapo kiondoke.

Tuhesabu. Biskuti za gramu 50 unazokula saa nne asubuhi zina kalori kama 240. Kipimo kimoja cha tunda ni 70. Umeokoa 170 kwa siku, au 1,190 kwa wiki. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni takribani kalori 7,700, kwa hiyo badiliko hili peke yake lingehitaji wiki sita na nusu kuondoa kilo moja. Ni polepole, ndiyo maana tunatafuta nafasi mbili au tatu, si moja.

Sasa hesabu ya yule wa embe. Ameacha soda mbili za mililita 330, kalori 280 hivi kwa pamoja. Safi kabisa. Kisha kama zawadi anakula nyama ya embe gramu 400 kila usiku baada ya kushiba: kalori 240. Kilichobaki cha jasho lake ni kalori 40. Kwa macho yake amebadilisha maisha. Kwa mizani hajafanya kitu.

Angekula gramu 115 za embe lilelile *badala* ya keki ya kufungia mlo, angepungua na embe asingelikosa.

Andika mabadilishano yako kwa sentensi kamili: "Saa nne, chungwa badala ya biskuti." "Baada ya chakula cha jioni, papai badala ya keki." Sentensi isiyo na neno "badala" ifute uanze upya.

Onyo: usibadilishe mlo mzima kuwa matunda matupu. Siku tatu za matunda peke yake zitashusha mizani, lakini sehemu kubwa ni maji, na kwa kuwa matunda yana protini kidogo mno, ukiendelea hivyo misuli nayo inaliwa. Mwili hurudisha maji yale mara tu unapokula kawaida, na moyo unavunjika.

## Hatua ya 6: Lipatie mwenzake na saa yake

Tunda peke yake huwashibisha wengine kwa nusu saa tu. Ukiwa hivyo, liambatanishe na protini kidogo: yai la kuchemsha, mtindi mtupu, au karanga kidogo kiganjani. Gramu 15 za karanga ni kalori 85 hadi 90, kwa hiyo nazo zipimwe. Ukila za kumimina kutoka kwenye kopo, umeharibu hesabu ya siku nzima.

Hakuna saa iliyokatazwa. Tunda la saa mbili usiku halina kalori zaidi ya la asubuhi, wala haliozi tumboni kwa kuliwa baada ya chakula. Limau na nanasi havichomi mafuta, hata ukivinywa kabla jua halijachomoza.

Saa moja tu ina faida inayoonekana: kabla ya mlo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2009 na watafiti wa Marekani, watu waliokula vipande vya tufaha dakika 15 kabla ya chakula cha mchana walikula jumla ya kalori pungufu kwa asilimia 15, tufaha lenyewe likiwa limehesabiwa. Juisi ya tufaha haikuleta matokeo hayo. Kama mlo wako mgumu kudhibiti ni wa jioni, kula kipimo chako robo saa kabla, kisha jipakulie.

Jioni, kata matunda ya kesho uyaweke mbele kwenye friji, usawa wa macho. Mtu mwenye njaa hula kilicho tayari. Hapo hoja za lishe hazina nguvu.

## Hatua ya 7: Pima matokeo bila kujidanganya

Jipime mara tatu kwa wiki, asubuhi, baada ya kwenda haja na kabla ya kula. Toa wastani wa wiki. Uzito wa siku moja hupanda na kushuka hata kwa kilo moja au zaidi kwa sababu ya chumvi, maji na choo, na kwa wanawake mzunguko wa hedhi. Kiuno kipime mara moja kwa wiki, utepe ukipita usawa uleule.

Wiki ya kwanza inaweza kushusha mengi. Sehemu kubwa ni maji. Usiifanyie sherehe. Kuanzia wiki ya 2, nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ni mwendo mzuri, na hata robo kilo si haba kama inarudia kila wiki.

## Ikigoma

Wastani haujasogea baada ya wiki tatu. Rudia hatua ya 1 kwa siku mbili. Ninapokaa na mtu kulisoma daftari, mara nyingi tunakuta vipimo vimevimba, au juisi imerudi kwa mlango wa nyuma. Kama matunda yako sawa, tafuta kwingine: mafuta ya kupikia, ukubwa wa sahani ya wanga, pombe. Usimalize kwa kuliondoa tunda.

Tumbo linajaa gesi. Baadhi ya watu miili yao hainyonyi vizuri fruktosi, yaani sukari ya matunda, na matufaha, peasi, embe na tikitimaji huwasumbua zaidi. Jaribu machungwa, stroberi au ndizi isiyoiva sana kwa wiki moja. Kama ulikuwa huli nyuzinyuzi kabisa, ongeza kipimo kimoja kila baada ya siku nne, na maji yaende pamoja.

Meno yanakufa ganzi. Machungwa na nanasi yana asidi. Sukutua kwa maji baada ya kula, na usipige mswaki kabla ya nusu saa.

Hamu ya vitamu haishi. Angalia kama umeruka mlo. Anayefika saa kumi jioni bila chakula cha mchana hataokolewa na chenza.

Uzito unaporomoka kuliko ulivyopanga, huku una kiu isiyokwisha na unakojoa mara kwa mara. Usiyahesabu hayo kama mafanikio ya mwongozo huu. Nenda ukapime sukari ya damu leo.